Mali ya Watu na Mchumi Mpya

  

Ndugu yetu mmoja wa Kitui, ambaye ni katika wadhamini wa mfuko wa uzeeni wa watumishi wenziwe, ametuletea suali, na darasa yetu imelizungumza jioni tatu bila ya kulimaliza. Suali lenyewe ni hili. Vijana watatu, wawili wazaliwa wa Makueni na mmoja wa Kitui, walifanya kazi miaka kadhaa katika nyumba za fedha za Nairobi, kisha wakatoka wakaanzisha nyumba yao wenyewe. Wataka kukusanya rasilmali kwa mifuko mikubwa na matajiri, waitie katika biashara changa na za kati ambazo hisa zake haziuzwi sokoni: kusindika maembe, kununua na kusafisha pojo, kuuza pampu za maji za nguvu ya jua. Baada ya miaka waziuze hisa hizo, wenye mali warudishiwe mali yao pamoja na faida, na wao wapate fungu lao. Wadhamini wakawaambia: tuleteeni hesabu za mifuko miwili mliyoiendesha kabla ya huu. Nao hawana hata mmoja. Wakarudishwa. Ndugu yetu auliza: je, tumehifadhi amana, au tumedhulumu?

Huenda msomaji wa Mombasa au Malindi akasema: haya ni mambo ya watu wa mabenki, sisi yatuhusu nini? Yakuhusu, bwana, ikiwa wewe au mwanao ni mwajiriwa, kwani kila mwezi hukatwa fungu la mshahara, na fungu hilo halilali sandukuni. Tangu ilipotungwa sheria ya mafao ya uzeeni ya mwaka 1997, mifuko ya namna hii nchini Kenya imekua hata sasa ina zaidi ya shilingi trilioni 2. Karibu nusu yake imekopeshwa serikali kwa hati za riba, na hukumu ya riba msomaji aijua, sina haja ya kuirejea hapa. Sheria yaruhusu hadi asilimia 10 ya mfuko itiwe katika kampuni zisizouzwa sokoni kwa mikono ya wachumi wa namna ya vijana hawa, walakini kinachotiwa huko ni kidogo mno. Basi tazama: ule mlango ambao mwenye mali na mwenye kazi hushirikiana faida na khasara, ambao ndio ulio karibu zaidi na sharia yetu, ndio unaoogopwa, na ule mlango wa riba ndio unaoitwa salama.

Mdhamini ana udhuru wake, nasi tuanze kwa kumpa haki yake. Mali aliyoshika si yake. Ni jasho la mwalimu wa Mwingi na karani wa Wote ambao hawatamwona vijana hao maishani. Wanazuoni wamemweka mtu wa namna hii mahali pa walii wa yatima. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 5, amekataza wapumbavu wasipewe mali, na katika aya ya 58 ameamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Mtu aliye na mali yake mwenyewe akitaka kumpa kijana kwa kumhurumia, hiyo ni sadaka yake na ana thawabu zake. Mdhamini hana rukhsa ya kuwa karimu kwa jasho la mwenziwe. Kwa hivyo wale waliosema katika darasa yetu kwamba vijana hawa wapewe kwa kuwa ni wa kwetu, au kwa kuwa mmoja wao ni Mwislamu asiyekosa sala ya jamaa, hawakusema sawa.

Lakini huyo walii wa yatima hakuruhusiwa pia kuifungia mali kabatini. Imepokewa kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuwa aliamrisha mali za mayatima zifanyiwe biashara zisije zikaliwa na zaka. Maana yake ni wazi: uoga nao hupoteza mali, ila hupoteza polepole na bila ya kelele, na mwenye uoga hapelekwi mahakamani. Mdhamini aliyempa mali mchumi mwenye jina kubwa, kisha mali ikapotea, husema: nani angalijua? Na aliyempa mchumi mpya, mali ikapotea, huulizwa: ulimpaje mtu asiyejulikana? Basi sharti la mifuko miwili mara nyingi halikuwekwa kumlinda mwalimu wa Mwingi. Limewekwa kumlinda mdhamini na lawama. Na kujilinda na lawama si jambo moja na kuhifadhi amana, ijapokuwa huvaa kanzu moja.

Tutazame sharti lenyewe lasimama juu ya nini. Wanaolitetea wana hoja, wala si ya kudharauliwa. Wataalamu wawili wa Marekani, Steven Kaplan na Antoinette Schoar, walitoa uchunguzi wao mwaka 2005 wakaonyesha kwamba nyumba iliyochuma vizuri katika mfuko mmoja huelekea kuchuma vizuri katika unaofuata. Walakini Kaplan huyo huyo pamoja na wenziwe walipotazama tena kwa hesabu za miaka ya karibu, waliona kuwa kwa wanaonunua kampuni kubwa nzima nzima, dalili hiyo imedhoofika sana baada ya mwaka 2000. Kwa wanaotia mali katika biashara changa ndiko ilikobakia. Kwa hivyo rekodi ya zamani ni ushahidi, lakini si ushahidi wa nguvu moja kila mahali. Tena ni ushahidi wa Marekani. Nyumba kubwa ya London yenye mifuko minne ya faida haitakwenda Kalamba kutazama mtambo wa maembe unaotaka shilingi milioni 50. Mali hiyo kwao haitoshi hata nauli na mawakili. Mwenye kusema "nitampa mwenye rekodi peke yake" Ukambani amesema kwa maneno mengine: "sitatia mali yangu Ukambani." Na aseme basi waziwazi.

Sasa tuirejee sharia. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, yule binti wa mzee wa Madyan alipomshauri babake amwajiri Nabii Musa (A.S.), alimtaja kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Naye Nabii Yusuf (A.S.) alipoomba awekwe juu ya hazina za Misri alijitaja kwa kuhifadhi na kwa ujuzi. Kote kuwili ni sifa mbili pamoja, ya uwezo na ya amana, wala hapakutajwa umri wala idadi ya hazina alizoshika kabla. Musa alikuwa mkimbizi asiyejulikana katika mji ule. Lakini angalia: binti yule hakusema kwa dhana. Alikuwa amekwisha kumwona kisimani akiwanywesheza wanyama wao. Ushahidi ulikuwa mdogo, ila ulikuwa wa kazi ile ile aliyotakiwa kuifanya.

Na hapo ndipo mafakihi wetu wa Kishafii walipotia kidole. Aya ya 6 ya Suratun Nisaa yaamrisha mayatima wajaribiwe kabla ya kukabidhiwa mali zao. Wajaribiwe vipi? Imamu Nawawi katika Minhaj aeleza kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei, na mtoto wa mkulima kwa ukulima na matumizi yake. Kila mmoja katika kazi yake. Hawakusema aletewe cheti cha mali aliyoisimamia zamani, kwani angaliisimamia vipi naye hajapewa? Mwenye kutaka rekodi kwa kila mtu na hataki kumpa mtu yeyote nafasi ya kuanza rekodi, amefunga mlango kisha akakaa akilaumu watu hawaingii.

Basi vijana hawa wajaribiwe katika lipi? Wao si weupe kabisa. Walipokuwa Nairobi walifanya kazi ndani ya nyumba za wengine. Biashara fulani ilinunuliwa: nani aliyeigundua? Nani aliyekaa na mwenyewe mpaka akakubali? Nani aliyekwenda kila mwezi ilipoanza kuyumba? Mara nyingi watu watano hujisifu kwa biashara moja iliyofaulu, na ile iliyokufa haina baba. Kwa hivyo mdhamini asitosheke na karatasi waliyoiandika wenyewe. Awaendee waliouza hisa, awaulize wenye kampuni, awaulize wakubwa wao wa zamani, na khasa aende kwa wale ambao biashara zao zilianguka. Sayyidna Umar (R.A.) alipoletewa mtu wa kumshuhudia mwenziwe, alimuuliza mambo matatu: je, wewe ni jirani yake? umesafiri naye? umeamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Yule mtu alipokana yote, Umar akamwambia kwamba labda amemwona msikitini tu akiinua kichwa na kukiinamisha. Sioni uchunguzi wa mchumi mpya ulioandikwa na mabenki ya Ulaya unaozidi masuali hayo matatu.

Na kisa hicho twakihitaji leo kuliko jana. Katika miaka ya 2006 na 2007 vyama vya kupanda na kuvuna, ambavyo humlipa wa mwanzo kwa pesa za wa mwisho, vilianguka Kenya nzima. Tume iliyoongozwa na marehemu Francis Nyenze, aliyekuwa mbunge wa Kitui Magharibi, ilitoa taarifa yake mwaka 2009, na waliopotezewa walikuwa zaidi ya laki moja, na mali iliyopotea ilipita shilingi bilioni 8. Wengi wao waliingizwa na jamaa zao na wenzao wa ibada. Uchaji wa aliyewaita haukuwa ujuzi, na pengine haukuwa hata uchaji.

Lakini kuna upofu wa upande wa pili ambao watu wa pwani twaujua sana, nao ni upofu wa majina. Imamu Malik ameeleza katika Muwatta, katika mlango wa kiradhi, kwamba Abdullah na Ubaydullah, watoto wa Sayyidna Umar, walipokuwa wakirudi na jeshi kutoka Iraq walipita kwa Abu Musa al-Ash'ari, amiri wa Basra. Akawakopesha mali ya umma wanunue bidhaa, wauze Madina, rasilmali wamkabidhi baba yao na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata. Umar akawauliza: je, kila askari alikopeshwa kama nyinyi? Wakasema la. Akawaambia kuwa wamekopeshwa kwa kuwa ni watoto wa Amirul Muuminin, akawataka watoe rasilmali na faida yote. Ubaydullah akajitetea kuwa lau mali ingalipotea wangalilipa wao. Mwishowe mtu mmoja barazani akashauri ifanywe kiradhi, Umar akachukua rasilmali na nusu ya faida. Msomaji atie mizani: mali haikupotea, vijana walikuwa waaminifu, na mmoja wao ni katika wanazuoni wakubwa wa sahaba. Hata hivyo Umar aliona kosa, na kosa lilikuwa katika namna walivyochaguliwa.

Leo watoto wa maamiri si lazima wawe wa nasaba. Wako waliosoma skuli moja Uingereza au Marekani na wenye kutoa mali. Wanaongea lugha moja, wanakula pamoja, na karatasi zao zafanana. Malalamiko kwamba mali ya kutoka nje inayotiwa katika biashara changa za Kenya huwafikia wageni kwa wepesi kuliko wenyeji yamesemwa miaka mingi na wengi. Na mwenye kumjua mtu kwa skuli yake amemjua kwa nasaba, hakuna tofauti.

Tena Ukambani si nchi ngeni kwa mali ya amana. Kabla ya reli, Wakamba ndio walioshika njia ya pembe baina ya bara na Mombasa. Mashuhuri wao wa Kitui alikuwa Kivoi, ambaye mmishenari Krapf wa Rabai alimfikia mwaka 1849, na akiwa huko, tarehe 3 Disemba, akauona mlima Kenya. Mwaka 1851 Krapf alirejea, wakafuatana kuelekea mto Tana. Wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa, wafuasi wakatawanyika, na Krapf akarudi kwa njaa na kiu mpaka akanusurika. Jina kubwa lile, misafara ile, vyote vilisimama juu ya mtu mmoja. Wadhamini wa leo huandika katika mapatano kwamba akiondoka fulani na fulani, ununuzi wote usimame mpaka wenye mali waamue. Hili ni sharti zuri, na kwa nyumba ya watu watatu ni la lazima, kwani vijana hugombana, huoa, huitwa na mshahara mkubwa Dubai.

Na upande wa Unguja, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, hakuanza kwa msafara mkubwa. Alifuatana kwanza na babake bara, kisha akaenda kwa mali ndogo, na baadaye ndipo tajiri Taria Topan alipomkopesha kwa wingi. Kupandishwa daraja kidogo kidogo ndiko kulikokuwa desturi ya matajiri wetu, na ndiyo akili. Walakini nisilisifu jambo nusu: misafara ile ilibeba pembe na pia ilibeba watumwa, na tajiri aliyetoa nguo na shanga hakuuliza. Mdhamini Mwislamu yampasa aulize. Wako wachumi wapya ambao sehemu ya faida yao yatoka katika kampuni za kukopesha maskini kwa simu, kwa riba ambayo hata Banyani wa zamani angeona haya. Pojo na maembe ni kheri kuliko hayo, hata faida ikipungua.

Sina budi kusema neno juu ya maembe yenyewe, kwani ndiyo yaliyowafanya wengine wacheke. Embe likiiva halingoji mtu. Makueni walijenga kiwanda chao Kalamba kilichoanza kazi mwaka 2017, kwa sababu wakulima walikuwa wakiuza kwa madalali kwa bei ya kutupa. Biashara ya maembe ya Kenya kwenda Ulaya ilisimama mwaka 2014 kwa ajili ya inzi wa matunda, ikafunguka tena mwaka 2021. Na mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwanzo wa 2023. Mchumi wa Nairobi husoma haya katika gazeti. Mwana wa Makueni ameyaona katika shamba la mamake, naye ajua dalali yupi ni mwizi. Hiyo ni nguvu, na haimo katika hesabu za mifuko miwili. Lakini ni udhaifu pia: mfuko wote ukitiwa katika nchi moja ya ukame, mwaka mmoja mbaya waweza kuubeba. Akiwa hakuyataja hayo mwenyewe kabla ya kuulizwa, mimi ningemrudisha.

Ama masharti, sharia yetu imeyajua kabla ya hawa. Faida igawiwe kwa fungu lijulikanalo, na khasara iwe juu ya mwenye mali, isipokuwa mchumi amevuka mpaka au amepuuza. Katika mifuko hii mchumi huchukua kwa desturi asilimia 20 ya faida, mara nyingi baada ya mwenye mali kufikiwa na kiasi kama asilimia 8 kwa mwaka. Maadamu kiasi hicho ni kizingiti cha kugawia faida iliyopatikana, na si ahadi ya kulipwa hata pasipo faida, sioni ubaya wake mkubwa, na anayeona vingine atuandikie. Lililo zito kwangu ni ile asilimia 2 ya mali yote inayochukuliwa kila mwaka, faida ipatikane isipatikane. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba mchumi hajitumii katika mali ya kiradhi, awe mjini au safarini. Wako wanaoifanya kuwa ujira wa kazi mbali na kiradhi, na kwa nyumba mpya isiyo na akiba pengine hakuna njia nyingine ya kulipa karani na kodi ya afisi. Basi ikadiriwe kwa gharama za kweli zilizoandikwa, isiwe kwa ukubwa wa mfuko, ili mchumi asitamani kukusanya mali nyingi zaidi ya anayoweza kuitumia. Na watatu hao watie mali yao wenyewe ndani, kiasi cha kuwauma.

Muda wa mfuko pia ulituchelewesha jioni moja nzima. Desturi ni miaka kumi: mitano ya kununua, na iliyobakia ya kutunza na kuuza tu. Mmoja wetu alisema kuweka muda hubatilisha kiradhi. Lakini Nawawi amepambanua: ukimzuia mchumi asifanye lolote baada ya muda, kiradhi kimeharibika, ukimzuia kununua peke yake na ukamwachia kuuza, haiharibiki katika kauli iliyo sahihi zaidi. Nasi tulicheka, kwani ndivyo hivyo hivyo mawakili wa London wanavyoandika.

Jawabu letu kwa ndugu yetu basi ni kwamba sharti la mifuko miwili liondolewe, na mahali pake pawekwe mtihani wa kazi. Fungu la kwanza liwe dogo, kiasi ambacho kikipotea chote mwalimu wa Mwingi hatakijua katika malipo yake, na litolewe kwa awamu, kila awamu baada ya hesabu. Bibi Khadija (R.A.) alipomkabidhi biashara ya Sham yule aliyejulikana na Makka nzima kwa uaminifu, akiwa na umri wa miaka 25, alimtuma Maysara afuatane naye. Hasha, hatumfananishi mtu na Mtume (S.A.W.), twasema tu kwamba ikiwa huyo alifuatanishwa na mtu, hakuna kijana wa kuona ametukanwa kwa kuwekewa mkaguzi.

Awaite tena. Kwa mara hii wasije na picha za maembe na ramani za rangi. Waje na daftari la ile biashara iliyokufa mikononi mwao walipokuwa Nairobi, waifungue mezani mbele ya wadhamini, wasome wenyewe.